Ubao wa Kwa Daktari

Mimi si mtu wa pupa. Saa za watu wa Kilifi nimezitengeneza miaka mingi na hakuna iliyorudi ikiwa na skrubu pungufu, kwa hiyo ninapokiri kwamba nilimkalisha profesa wa ng'ambo kwenye foleni ya wagonjwa, nyuma ya mtu mwenye jipu, naomba mnicheke polepole.

Zuhura, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa amepata udaktari wa chuo kikuu kwa kuchunguza kaa wa mikokoni, na chuo chake cha Nairobi, kwa ushirikiano na chuo kimoja cha Ulaya, kikampendekeza kwa ufadhili wa utafiti wa baada ya udaktari. Nafasi ilikuwa moja, waombaji wengi, na profesa wa huko alikuwa akizunguka kuwahoji pale wanapofanyia kazi. Zuhura aliniomba jambo moja tu: "Ami, nyumba iwe kimya."

Mimi nikaona kimya hakitoshi (mgeni akipotea je?), nikachukua ubao, nikaupaka rangi nyeupe, nikaandika KWA DAKTARI ZUHURA kwa herufi nilizojifundisha mwenyewe kitabuni, nikatia na mshale, kisha nikaupigilia pale magari yanapongojea feri (daraja bado tunaahidiwa tu), ambapo watu hawana la kufanya ila kusoma. Na kila aliyeuliza nilimweleza kwa fahari kwamba mwanetu sasa yuko baada ya udaktari.

Siku yenyewe, Zuhura akiwa bado kwenye mikoko, ua ulijaa: akina mama na watoto wenye kikohozi, mzee wa jino, na utingo wa lori la Mariakani mwenye jipu mahali ambapo benchi halikumfaa. Ningewaambia ukweli wangeondoka. Lakini walikuwa wakipiga kelele, nami nimeagizwa kimya, basi nikawapanga kwa utaratibu wa kufika, nikaingia ndani kupiga pasi kanzu.

Nilipotoka, profesa ameketi mwisho wa benchi, jasho linamtiririka, mkoba magotini. Alipotaka kusimama, Bi Kadzo wa Vitengeni akamvuta shati.

"Foleni, baba! Hata sisi tunaumwa."

"Mimi si mgonjwa," akasema kwa Kiswahili cha darasani.

"Wote husema hivyo. Mimi nimewahi, maana ami yake asema yuko baada ya udaktari. Huyu ataacha kazi wakati wowote!"

Hapo Zuhura akaingia na ndoo ya matope. Akatazama benchi, akamwona profesa, akanigeukia. "Ami, umefanya nini?"

Nilitamani feri inichukue isinirudishe. Yeye akatua ndoo, akawaomba radhi, akaeleza kwamba si daktari wa watu.

"Basi watibu nini?" akauliza Bi Kadzo.

"Sitibu, bibi. Nachunguza kaa wanavyochimba matope, na mikoko inavyofaidika."

"Na mikoko ikikatwa, hao kaa huenda wapi?"

Zuhura akachuchumaa, akatia mkono ndooni, akajibu. Swali likazaa swali, hata utingo akasahau jipu lake, na profesa akawa anaandika mbio mbio. Mwisho akafunga mkoba.

"Maswali yangu," akasema, "bibi ameyauliza."

Nafasi Zuhura akaipata. Ubao niliung'oa siku ile ile, nikaapa sitaandika mwingine, hata wa duka langu (na kweli halina). Lakini jina halikung'oka. Kila nikifika kwenye feri, yule utingo hupaza sauti toka juu ya lori, watu wote wakisikia: "Baada ya Udaktari, shikamoo!"

Nami nifanyeje? Salamu ni salamu. Naitikia marahaba.