Mvuke wa Mabua Uani kwa Mama

Baba alipofariki, mama aliingia eda, na maneno yake yakaingia naye ndani yasitoke. Nilikwenda kukaa naye kijijini, Mpapura. Aliswali, akanywa uji kidogo, akalala. Nikimuuliza jambo aliitikia kwa kichwa. Wanawake waliokuja kumpa pole walikaa mkekani, wakasema yao, wakaaga, naye akabaki anautazama ukuta kana kwamba kuna mtu anapita upande wa pili.

Kwenye mkoba wangu nilikuwa na chupa za mbegu za uyoga: punje za mtama zilizofunikwa na utando mweupe kama pamba. Nilikuwa nimezinunua Mtwara mjini, nipate kuotesha nyumbani kwangu, kabla ya msiba. Nikiziacha zingeharibika. Nikampigia simu mjomba, kaka yake mama, anayelima mpunga Kitaya, kando ya Ruvuma.

"Shikamoo, mjomba. Naomba mabua ya mpunga."

"Marahaba. Umeanza kufuga ng'ombe?"

"Hapana, nataka kuotesha uyoga."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipozika. Alikuja na pikipiki, mzigo wa mabua umemzidi kimo, na vumbi la dhahabu likamwagika uani alipoufungua.

Niliyakatakata kwa panga, nikayaloweka, kesho yake nikayachemsha kwenye pipa juu ya mafiga, nimeyafunika kwa gunia. Yanatakiwa yachemke vizuri ili ukungu mwingine wote ufe, uyoga ukute nyumba tupu. Kilikuwa kiangazi. Mikorosho ilianza kutoa maua na mvua ilikwisha kusahaulika, lakini mvuke ule ulinukia ardhi iliyolowa. Ulipanda, ukatanda, ukajaa ua mzima hadi nikawa siuoni ukuta wa jikoni. Katika weupe ule nikaona weupe mwingine: mama, na shuka lake la eda, amesimama mlangoni.

"Mvua imenyesha wapi?" akauliza.

Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika. Niliogopa kumjibu, kama mtu anavyoogopa kumshtua ndege.

"Ni mabua tu, mama. Njoo ukae."

Akaja. Niliyatandaza mabua juu ya turubai safi yachujike maji, nikamwonyesha namna ya kuyapima: unakamata konzi moja, unakamua. Maji yakichuruzika, bado. Yakitoka matone machache, yanafaa. Mama alikamua, maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Bado," akasema.

Tukangoja. Alichomeka kiganja chake katikati ya mabua na kukiacha humo, kama anavyopimwa mtoto homa, maana nilikuwa nimemweleza kuwa joto huua mbegu. Mvuke ukazidi kupungua. Mara akaanza kusema, bila kunitazama.

"Baba yako alikuwa mwoga wa uyoga. Masika ya kwanza nilipoolewa, nilichuma porini, nikapika. Akasema, nipe mimi kwanza, nikiamka salama na wewe utakula kesho. Nikamwambia, huu naujua tangu utoto. Akasema, hata hivyo. Akala huku jasho linamtoka."

"Halafu?"

"Akaamka. Akafanya hivyo kila masika. Maisha yangu yote ya ndoa nimekula uyoga wa kiporo."

Akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Nilimwacha alie. Mjomba, aliyebaki kutusaidia na sasa alikuwa amekaa pembeni akinoa panga, aliinama akaendelea kunoa polepole.

Mabua yalipopoa tulinawa mikono kwa sabuni, tukayajaza kwenye mifuko ya nailoni: tabaka la mabua, mbegu kidogo, tabaka jingine. Tukaifunga, tukaitoboa matundu madogo na kuining'iniza kwenye stoo ya korosho, gizani.

Siku zile zilipita kama usingizi wa mchana. Mama aliingia stoo kila baada ya swala ya alfajiri, akasimama tu humo. Utando uliyafunika mabua taratibu, mawingu madogo yakikutana ndani ya mifuko. Mmoja ukaota ukungu wa kijani, tukautupa mbali na mingine. Iliyobaki ikawa myeupe pote, tukafungua dirisha kidogo na kuinyunyizia maji. Asubuhi moja mama aliniita kwa sauti kubwa, nami nikakimbia nikidhani ameanguka. Alikuwa ameinamia mfuko uliotoa vichwa vya uyoga vilivyobanana, laini kama ndewe za sikio.

Tuliupika kwa nazi. Mama alimaliza sahani yake, kisha akaniuliza kama kuna ukoko wa wali.

Eda ilipokwisha nilirudi mjini. Haukupita muda mrefu akanipigia simu.

"Mjomba wako ameleta mabua mengine. Nimeshayaloweka. Unakuja, au niinjike pipa?"

Nikamwambia ainjike, nami niko njiani.