Wiki Nane Kwenye Nyumba ya Karatasi

Akech Okeyo alizaliwa Sirari, hatua chache kutoka mpaka wa Kenya, katika ukoo ambao mama aliuza vitenge upande huu na mashangazi wakauza upande wa pili. Alikuwa mtoto wa kuuliza. Kwenye misiba alikaa karibu na bibi yake akitaka kujua marehemu alizaliwa wapi, baba wa marehemu alihamia lini, walikuja na nani, mpaka mama yake amwite jikoni ili watu wapumue. Alipofaulu kidato cha sita akachagua kusoma historia chuo kikuu. Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, hakumkataza. Alisema tu, "Wenzako wanasomea kitu kinachoonekana."

Maneno hayo Akech aliyaelewa vizuri mwishoni mwa mwaka wa pili, ulipofika wakati wa fildi. Kila mwanafunzi alitakiwa atafute ofisi ya kumpokea kwa wiki nane, afanye kazi, kisha aandike ripoti. Waliosoma uhasibu na sheria walishajua pa kwenda kabla ya mitihani. Akech alirudi nyumbani na barua tano zenye mhuri wa chuo, akazizungusha Tarime mjini, ofisi hadi ofisi. Afisa mmoja aliisoma barua yake mara mbili, akamkaribisha kiti, halafu akamrudishia.

"Historia," alisema. "Sasa binti, hapa kwetu utafanya nini?"

Hakuwa akimdhihaki. Aliuliza kama mtu asiyejua, na Akech akaitia barua mkobani, akaondoka.

Barua ya tano aliipeleka kwa Mwalimu Nikodemo kwa sababu ilikuwa imebaki. Nikodemo alikuwa mwalimu mstaafu wa sekondari. Jengo la zamani la baraza, walikokuwa wakisikiliza mashauri enzi za machifu, lilipobomolewa, aliomba makaratasi yaliyokuwa yanasubiri kuchomwa moto, akapewa. Aliyasomba kwa mkokoteni hadi kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, akaandika mlangoni kwa rangi nyeupe: NYUMBA YA KUMBUKUMBU. Hakuwa na mfanyakazi hata mmoja. Aliisoma barua ya Akech akiwa amesimama, akavua miwani.

"Unajua kusoma mwandiko wa kalamu ya wino?"

"Nitajifunza, Mwalimu."

"Basi njoo Jumatatu. Vaa nguo usiyoipenda."

Kazi yenyewe ilikuwa vumbi. Magunia yalikuwa ishirini na moja, na tisa yalikuwa bado hayajafunguliwa. Akech alitoa karatasi moja moja, akazipangusa kwa brashi laini ya kupakia rangi, akachomoa pini zilizoshika kutu, akaandika kwenye daftari kubwa: mwaka, majina, shauri. Nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa zikabaki kama wavu. Siku ya tatu alimwambia mama yake kwamba yeye amepelekwa kufagia. Lakini kufikia wiki ya pili alikuwa hafungi kazi mpaka Nikodemo amwambie. Watu walikuwa wakitoka mle kwenye magunia. Mwanamke aliyemshitaki mumewe kwa kuuza jembe lake. Wazee wawili waliogombania kisima miaka kumi na miwili. Wengi walikuwa Wakurya, ambao lugha yao Akech aliijua kwa kubahatisha tu, salamu na bei za sokoni. Alianza kuwajua kwa majina kama majirani.

Wiki ya tatu, Alhamisi, waliingia wanawake wawili. Mkubwa alikuwa bibi mrefu, mkavu, anayetembelea fimbo, jina lake Waisiko. Mwenzake alikuwa mke wa mwanawe, Regina. Walitoka Nyansurura, wilaya ya Serengeti, wakaja Tarime kwa ajili ya macho ya bibi, na hospitalini walikuwa wamesikia kwamba kuna mwalimu anayetunza makaratasi ya baraza la zamani, lililosikiliza hata mashauri ya kwao.

"Shikamoo bibi," Akech alisema.

"Marahaba." Bibi akaendelea kwa Kikurya, na Regina akawa anatafsiri. "Anamtafuta baba yake. Anaitwa Nchagwa. Alikamatwa kwa kesi ya ng'ombe mwaka bibi alipoota meno ya pili, akafungwa. Hakurudi."

Nikodemo aliuliza kama familia haikupata habari yoyote.

"Baba yake mdogo, Heche, aliwaambia Nchagwa alitoka gerezani akakimbilia Kenya, akaoa huko," Regina alisema. "Mama yake akaitwa mke wa mtoro mpaka anakufa. Hata kulia hakulia. Utamliliaje mtu aliye hai?"

Bibi Waisiko alikuwa anaangalia magunia. Akasema neno kwa Kiswahili, yeye mwenyewe: "Nataka kujua tu kama ana watoto kule. Ni ndugu zangu."

Akech akamwambia atatafuta. Nikodemo alimkaripia kidogo baadaye, kwamba haahidiwi mtu kitu kilichoko ndani ya gunia lisilofunguliwa.

Akech aliipata habari yake wiki ya sita, katika gunia la kumi na saba. Ilikuwa karatasi moja nyembamba iliyopigwa taipu kwa Kiingereza, kutoka gereza la mkoa mwingine. Mfungwa aitwaye Nchagwa amefariki kwa homa ya mapafu tarehe kumi na nne mwezi wa tano, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita. Amezikwa kwenye makaburi ya gereza. Ndugu zake wajulishwe. Akech alikaa chini sakafuni. Kisha akaona kwamba chini kabisa kuna maandishi ya mkono, kwa Kiswahili, ya karani wa baraza: "Mdogo wake Heche amekuja, amesomewa. Ameomba awaambie wengine yeye mwenyewe." Pembeni yake kulikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, imekolea vizuri.

Heche ndiye yule baba mdogo.

Yeye na Nikodemo walikwenda kwenye duka la fotokopi kutoa nakala. Akech akiwa ameishika nakala, aliikunja sehemu ya chini, pale penye maandishi ya karani, akapitisha ukucha juu ya mkunjo. Nikodemo alimwona.

"Amemlea, Mwalimu," Akech alisema. "Regina aliniambia. Huyo Heche ndiye aliyemlea bibi mpaka akaolewa. Nikimwambia amekufa, si inatosha?"

"Labda inatosha."

"Sasa nifanye nini?"

Nikodemo alimlipa mwenye duka. "Sijui. Miaka thelathini nimefundisha historia, sijawahi kumpelekea mtu historia nyumbani kwake. Lakini hiyo karatasi usiikate. Ukiikata, itakuwa karatasi nyingine, na umeiandika wewe."

Jumamosi walipanda gari la Mugumu, wakavuka daraja la Mto Mara, wakashuka njiani na kuchukua bodaboda mbili hadi Nyansurura. Bibi Waisiko alikuwa uani akipukuchua mahindi. Alipowaona aliacha, lakini hakuinuka. Regina alileta viti na uji wa ulezi. Nikodemo akasema wamekuja kwa ajili ya lile jambo, na kwamba aliyelipata ni huyu binti, basi ndiye atakayesema.

Akech alisoma mstari mmoja mmoja, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na Regina akaupeleka kwenye Kikurya. Ilikuwa kazi ya polepole. Kila mstari ulikaa kidogo mikononi mwa Regina kabla haujamfikia mwenyewe. Walipofika kwenye homa ya mapafu, bibi aliuliza neno.

"Anauliza kama kulikuwa na baridi huko," Regina alisema.

"Karatasi haisemi, bibi."

Bibi alitikisa kichwa. Midomo yake ikaanza kutembea. Alikuwa anahesabu. Kisha akasema, na Regina akatafsiri huku akiangalia chini: "Anasema hakuwa hata amemaliza mwaka kule ndani. Siku zote walizokuwa wanamtukana mama yake, alikuwa ameshazikwa."

Hapo Akech angeweza kuikunja karatasi. Alishafikiri njia nzima jinsi atakavyosema. Lakini bibi alimtangulia, kwa Kiswahili chake cha kuhangaika. "Barua ilifika barazani. Nani alisomewa?"

Akech aliunyoosha ule mkunjo wa chini. "Kuna maneno mengine huku chini, bibi. Yana jina la mtu unayemfahamu. Ukitaka nitayasoma. Usipotaka nitayaacha, na karatasi itarudi Tarime, hakuna atakayekufuata nayo."

Bibi alimwangalia kwa yale macho yaliyoanza kufunga ukungu. "Soma."

Akasoma. Maneno yale yalikuwa ya Kiswahili, hayakuhitaji tafsiri. Regina alishika mdomo. Bibi Waisiko akaomba aoneshwe lile dole. Akech alimshika kidole akakiweka juu ya alama. Bibi hakukiondoa kwa muda mrefu.

"Heche alinibeba mgongoni kwenda zahanati, nilipougua surua," alisema, safari hii kwa Kikurya, na Regina akatafsiri kwa sauti ya chini. "Harusi yangu alilia yeye. Na mama yangu ndiye aliyempelekea Heche maji ya kuoga, Heche alipokuwa anakufa. Alimwangalia usoni mama yangu kila siku."

"Kwa nini alifanya hivyo?" Regina aliuliza. Alimwuliza Akech, kana kwamba ndiye aliyesomea hayo.

Akech alikuwa na majibu mengi ya darasani. Pengine aliona aibu. Pengine aliogopa mjane angerudi kwao na watoto, au alitaka ng'ombe wa kaka yake. Pengine alipanga kusema kesho, na kesho ikawa ndefu.

"Sijui," alisema. "Nisingependa kukudanganya."

Bibi alitaka jambo moja tu: wanawe wasisikie habari ya dole. Wana wa Heche ni jirani zao, wanalima pamoja na kuzikana. Regina akaapa. Kisha bibi akaingia ndani, na wakamsikia akianza kulia, kilio cha zamani cha msibani, cha kuita jina la mtu. Alikuwa anamwita baba kwa Kikurya: "Tata." Wanawake wa nyumba za jirani walikuja mbio wakifunga kanga, wakauliza nani amekufa, na Regina akawaambia: baba yake. Kukawa na mkanganyiko kidogo. Halafu mmoja akakaa chini akaanza kulia naye, na wengine wakafuata.

Walimfanyia matanga ya siku tatu, mtu aliyekufa miaka karibu sabini nyuma. Watoto na wajukuu walinyoa nywele. Mjukuu mkubwa wa Heche ndiye aliyechinja mbuzi.

Ripoti ya Akech ilikuwa na kurasa thelathini na mbili. Sehemu ya Nchagwa aliiandika kwa uangalifu kuliko zote, na mahali pa jina aliandika "ndugu mmoja wa familia." Mhadhiri wake alizungushia maneno hayo kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Ni nani? Mwanahistoria hutaja." Akamwita ofisini. Akech alieleza kwamba ameombwa. Mhadhiri alimsikiliza mpaka mwisho, akasema anamwelewa, akampunguzia alama hata hivyo.

Alihitimu mwaka uliofuata. Kwa sasa anafundisha kwa kujitolea katika shule ya sekondari Ringwani, akisubiri ajira kama wenzake wengi. Likizo ikifika hurudi Tarime kwa Mwalimu Nikodemo. Magunia yaliyobaki ni mawili. Baba yake amewatengenezea rafu za chuma, akazichomelea mwenyewe, akazipaka rangi ya kijani. Siku aliyozileta alifungua faili moja akasoma kidogo, akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.