Mwanga Chini ya Jiwe

Mwaka wa kwanza baada ya chuo nilikuwa mtu wa kujibu maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Ndani ya basi la Soho Road, kule Birmingham, Uingereza, niliwaza: nikikaa mbele watasema najitia, nikikaa nyuma watasema naogopa. Basi nilisimama mpaka kituo changu, hata viti vikiwa vitupu. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepelekwa Greenland, kaskazini kabisa, kuchora ramani ya miamba kwa ajili ya kampuni ndogo ya Birmingham iliyokuwa ikitafuta shaba.

Kabla sijaondoka, mkuu wetu alisema mbele ya watu kwamba hajui kama Mwafrika ataiweza baridi ile. Nilicheka pamoja nao. Kisha nikakichukia kicheko changu njia nzima mpaka Handsworth, nilikopanga chumba kwa mama mmoja wa Kisikh, mzaliwa wa Nakuru. Naye aliniuliza, mikono imejaa unga, "Mtoto, wewe nakwenda kule kutafuta nini? Nakuru mawe imekwisha?"

Kazi yenyewe ilikuwa kutembea. Helikopta ilitushusha bondeni, mimi na mwenzangu, kijana wa Yorkshire, pamoja na hema na bunduki ya kufukuzia dubu. Asubuhi yeye alishika upande wa mashariki, mimi wa magharibi. Unatembea mpaka uukute mwamba wenyewe, ule uliokita ardhini. Unaugonga nyundo, unatazama tabaka zake zimelalia wapi, unachora. Ukiuona kwa macho yako mpaka wa miamba ya aina mbili, unachora mstari mzima. Ukiukisia tu, kwa sababu umefunikwa na theluji au kokoto, unachora mstari wa kukatika. Niliipenda sana sheria hiyo. Ilimruhusu mtu kusema hajui.

Katikati ya bonde, kokoto zilikotanda, lilisimama jiwe kubwa kama nyumba yetu ya Handsworth, limezama kidogo, lina madoa ya kijani ya shaba. Mwenzangu alilifikia kwanza, akaligonga, akarudi hemani anaimba. Kwake ule ulikuwa mwamba, na kama ni mwamba, basi shaba ya upande wake ilivuka bonde lote mpaka upande wangu.

Mimi nilikosa raha. Kesho yake nikaenda peke yangu. Nikalizunguka. Tabaka zake zilisimama wima, ilhali miamba ya pande zote mbili za bonde ilikuwa imelala. Hilo lingemtosha mtu mwingine. Mimi nililala kifudifudi kwenye kokoto zilizolowa, nikafukua kwa nyundo, nikafukua tena, mpaka nikaona mwanga wa upande wa pili. Mwamba wa ardhini hauna upande wa chini wa kuchungulia. Lile lilikuwa jiwe tu. Mto wa barafu ulilibeba kutoka kusikojulikana, ukalitupa pale.

Majira ya baridi tulikuwa ofisini Birmingham, karibu na mfereji, tukitia wino ramani safi. Mkuu aliweka kidole juu ya bonde.

"Unganisha. Mstari mzima."

"Pale hakuna mwamba, bwana. Ni jiwe."

Mwenzangu akadakia, "Huyu aliingia chini yake kuota moto! Baridi ilikuwa imemshinda."

Chumba kizima kilicheka. Safari hii mimi sikucheka.

"Wenye pesa zao wanataka kuona shaba inavuka," mkuu akasema. "Nami kiangazi kijacho nataka watu wanaomaliza kazi. Unataka kurudi kule au hutaki?"

Nilitaka. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Katika bonde lile hakuna aliyekuwa akitazama nimekaa wapi. Nikaanza kuwaza kama kawaida yangu: nikikataa watasema Mwafrika ni mbishi, nikikubali watu watachimba chini ya jiwe la mpita njia, kisha watasema Mwafrika hajui mwamba. Huku kiti cha nyuma, huku cha mbele. Nilipotazama chini, mkono wangu ulikuwa umeshaanza. Kipande, nafasi, kipande, nafasi, kukatiza bonde lote, na katikati nikaweka alama ya kuuliza.

Wino ule haufutiki ila kwa kukwangua. Mkuu akasukuma wembe mbele yangu. "Futa."

"Futa wewe, bwana," nikasema. "Jina langu lile pale pembeni. Ukiufuta mstari, lifute nalo, uandike lako."

Hakuugusa wembe. "Kiangazi kijacho utapumzika," akasema, akatoka.

Jioni yule mama aliniona nimenyong'onyea. "Wamefukuza wewe?"

"Wamenikatalia kurudi kule, mama. Kwa sababu ya jiwe."

Akageuza chapati kwa vidole. "Lakini ilikuwa jiwe kweli?"

"Nilichungulia chini yake. Nikaona upande wa pili."

"Basi kula."

Niliacha kazi ile majira ya kuchipua. Siku niliyokwenda kuchukua buti zangu, ramani ilikuwa imebandikwa ukutani, kwenye njia ya kuingilia. Mstari ulikatika kama nilivyoukata. Alama ya kuuliza ilikuwepo. Niliusogelea karibu kabisa, nikatafuta alama ya wembe kwenye karatasi. Sikuiona.

Kiangazi kile nilikuwa kondakta wa basi. Nilivaa buti zile zile, nene, zenye kokoto za Greenland kwenye nyufa za soli, joto lote lile, na abiria wakaniuliza kama nimepotea njia ya mlimani. Nilikata tiketi. Zamu ilipokwisha nilirudi Handsworth kwa basi nikiwa abiria, nimekaa ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa, buti nimezinyoosha.