Orodha ya Marehemu Mke Wangu Kwenye Friji

Mke wangu alifariki mwezi wa nane, katikati ya baridi. Mwezi wa kumi na mbili akaanza kutupangia likizo.

Usicheke. Ni jambo lililonipata mimi, Darryl, kwenye mji wetu huu wa ngano na vumbi ambao wakubwa kule Melbourne wanaukumbuka siku ya kura tu.

Kerryn, mke wangu, alikufa hospitali na mpira wa kupumulia kooni, hawezi kusema. Siku mbili kabla, alinipa karatasi iliyokunjwa, akanibana mkono, akanitazama sana. Nikaitikia kwa kichwa kama nimeelewa.

Sikuelewa kitu.

Nikaibana na sumaku kwenye friji, imekunjwa vile vile. Ikakaa miezi minne. Kila nikichukua maziwa, inanitazama.

Shule zilipofungwa nikamwita mwanangu mkubwa, Tahlia, wa miaka kumi.

"Hebu nisomee hiyo ya mama yako. Miwani yangu sijui nimeitupa wapi."

Akaikunjua. Akaisoma kwanza kimoyomoyo. Muda mrefu. Mdogo wake Indi, wa miaka mitano, akawa anamvuta sketi.

"Mama kasemaje? Eh? Kasemaje?"

"Ni orodha," Tahlia akasema. "Mambo ya kufanya likizo. Ya bure."

Nilikaa chini.

Maana msibani mama mkwe wangu, Beverley, alinikamata mbele za watu. "Darryl, nakupa mpaka shule zifunguliwe. Nikija nikakuta wajukuu wangu wameachwa kama magunia mbele ya televisheni, nawapakia garini, tunakwenda zetu Adelaide."

Na mimi mfukoni upepo. Mgongo wangu uliishia kwenye mabanda ya kukata manyoya ya kondoo. Hela ya msaada ya serikali ukishalipa pango na umeme, inabaki ya mkate na siagi ya kupaka kwa kukwangua. Bwawa la kuogelea la mji halmashauri wamelifunga, eti lina ufa. Hela ya ufa hakuna. Hela ya bango kubwa pale barabarani ipo. Wanasema limeandikwa "Karibuni".

Karibuni mfanye nini? Mkaangwe?

Basi ile karatasi ikawa ndiyo roho yangu. Kila asubuhi, chai mkononi, "Tahlia, mama anasemaje leo?"

"Kamba wa matope."

Tukaenda kwenye lambo la mzee Noske, jirani. Unafunga kipande cha nyama kwenye uzi, unatupa, unangoja uzi ukaze, unavuta polepole. Tulipata kamba kumi na saba. Indi akawapa majina wote, kisha akalia tulipowachemsha, kisha akala watano.

Kesho yake, kuteleza na maboksi kwenye nyasi kavu nyuma ya maghala ya ngano. Kesho kutwa, kuoga kwenye vinyunyizio vya uwanja wa mpira. Siku joto lilipogonga nyuzi arobaini na moja, mama akasema twende dukani tusimame kwenye mafriza.

Meneja akatufuata. "Niwasaidie? Mnatafuta nini?"

"Tunatafuta baridi," nikamwambia. "Mnauza kilo ngapi?"

Tahlia akacheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mwezi wa nane.

Kitu kimoja kilinisumbua. Ile karatasi ilikuwa moja tu, na mambo hayaishi. Tena haikuwa na namba. Nikajiambia, nani kasema orodha lazima iwe na namba?

Halafu kuna neno lilirudi rudi.

"Leo mama anasema maktaba."

"Hakuandika hivyo."

"Kaandika, Baba. Kuna feni, kuna hadithi, bure. Soma mwenyewe."

Nikageukia sinki, nikasuuza kikombe.

"Miwani yako iko wapi?" akaniuliza taratibu. "Mimi sijawahi kuiona."

"Shika adabu yako, Tahlia."

Huko siendi. Shuleni walinikalisha nyuma miaka yote nifute ubao, na nilipofika kumi na tatu wakanionyesha mlango. Leo hao hao wanijengee nyumba ya vitabu? Wakae nayo.

Basi. Ilibaki wiki moja shule zifunguliwe. Nyuzi arobaini na tatu. Tahlia akasema maktaba, mimi nikasema leo mama apumzike, leo napanga mimi. Nikawapakia kwenye gari, tukaenda kwenye bwawa la maji nje ya mji.

Hapakuwa na mtu hata mmoja. Nikaona bahati yetu.

Tahlia akabaki nyuma kutafuta kofia yake chini ya kiti. Mimi na Indi, hao, majini. Maji ya kijani, vuguvugu kama mchuzi. Akanywa mafunda mawili akicheka.

Nikasikia ukelele. "Baba! Mtoe! Mtoe! Maji yana sumu!"

Tahlia alikuwa amesimama chini ya kibao cha njano, kikubwa kama mlango. Nilikuwa nimepita ubavuni mwa kibao hicho. Nilitundika taulo juu yake.

Alasiri Indi alitapika mpaka akaishiwa, ngozi imemtoka vipele. Nesi wa zahanati akanitazama.

"Kibao hukukiona?"

"Kuchora fuvu tu kuliwashinda?" nikafoka. "Mnaweka maandishi, maandishi! Halmashauri ikitaka kodi inakuja na miguu, sumu inakuja na barua?"

"Halmashauri haikumtia mtoto majini, Darryl."

Alisema kwa upole. Ndiyo maana iliuma.

Kesho yake asubuhi Beverley akaingia na buti zake za bustani. Nesi alikuwa amempigia simu. Hakunisalimia. Alimshika Indi paji la uso, homa ilikuwa imeshuka, akashusha pumzi.

"Tahlia, kusanya nguo zenu."

"Mama, subiri," nikasema. "Muulize likizo ilikuwaje. Hatukukaa. Kila siku tulitoka. Kerryn mwenyewe alituachia orodha, ile pale kwenye friji."

Alipoona mwandiko wa mwanawe akajishika kifua. Akaikunjua.

"Bibi," Tahlia akasema, "usimsomee. Tafadhali, Bibi."

Beverley akasoma kwa sauti.

"Mama, wachukue wasichana. Darryl ni mtu mwema, lakini hawezi kusoma hata karatasi ya chupa ya dawa. Siku moja atamdhuru mmoja wao bila kujua. Usimwache peke yake nao."

Akaishia hapo, akaikunja.

Friji ikawa inanguruma. Nilimtazama mwanangu. Wiki tano. Kamba wa matope, maboksi, mafriza. Yote yalitoka kichwani mwake. Kila asubuhi alisimama mbele ya hukumu yangu akanisomea raha.

"Hii karatasi haikuwa yako," Beverley akasema. "Ilikuwa yangu. Ulitakiwa unifikishie. Hukujua?"

Nina miaka arobaini na moja, na siku zote nimesema miwani imepotea.

"Mama," nikasema, "sijui kusoma."

Hakuna aliyecheka. Beverley akamgeukia Tahlia. "Na kesho orodha inasemaje?"

"Maktaba," akajibu, machozi yanamtoka. "Kila siku ilikuwa maktaba, hataki tu!"

Mama mkwe akatembea jikoni, akaenda, akarudi. Halafu akairudisha ile barua kwenye friji, akaibana na sumaku.

"Nakuja Pasaka. Utanisomea mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Ukikwama, nawachukua, na usinililie."

Nilikwenda maktaba. Nilikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, Indi upande huu na kitabu cha bata, mimi upande ule na changu cha bata. Kuna watu wa mji walichungulia dirishani. Wacha wachungulie, bure hiyo.

Pasaka Beverley akaja. Nikasimama mbele ya friji, karatasi mkononi. Nikaanza. "Mama, wachukue wasichana." Nikavuka. "Darryl ni mtu..."

Nikashindwa.

"Umekwama," Beverley akasema.

"Sijakwama. Ni 'mwema'. Naliona. Nipe dakika."

Nikaendelea. Dawa. Atamdhuru. Usimwache. Nikafika pale alipokunja, na chini yake kulikuwa na mstari mmoja ambao hakuna aliyekuwa amenisomea.

"Mwambie habari ya miwani nilijua tangu wiki ya harusi. Nilingoja aniambie."

Beverley alinyoosha mkono, akachukua barua yake, akaitia kwenye pochi. Akawabusu wasichana. Akaingia garini peke yake.

Haya nimeandika mwenyewe, wiki tatu, Tahlia amesahihisha. Wewe unayeficha jambo kama langu, sikia: aibu si kutojua. Aibu ni kumwachia mtoto wa miaka kumi abebe siri yako kila asubuhi huku wewe unakunywa chai.

Na jana nimepita pale bwawa la kuogelea, nikasoma tangazo lao. "Limefungwa kwa muda."

Muda gani? Hawajaandika. Na wao shule wamesoma.