Dada wa Vigemu na Shimo la Tatu

Yaani yule dada anayeuza vigemu vya mkononi sokoni Tepito, jijini Mexico, hana habari kabisa na maandishi ya kwenye boksi. Kigemu kipya kikifika, anapuliza vidole gumba, anafumba macho, anacheza gemu moja tu la zamani la kuruka mashimo. Shimo la tatu ndiyo mtihani. "Vitufe vigumu," anasema akianguka, anachukua kingine. Mchana, kati ya taco na taco, vile vichapati vya nyama na pilipili, anacheza kigemu chake mwenyewe cha kijivu, kimechubuka pembe zote, na hicho hakimwangushi hata siku moja.

Jana don Nicanor, kinyozi wa jirani, alitaka chenye kioo kikubwa kuliko vyote. Jumapili anacheza na kaka yake anayemshinda tangu utotoni, na siku hizi vidole vimemkakamaa.

"Jaribu kwanza, don."

Kwenye hicho cha kioo kikubwa akaanguka mara nne. Yule dada akafuta pilipili kwenye kile cha kijivu, akampa. Don akaruka shimo la tatu. Akarudia, akaruka tena.

"Si cha watoto hiki?"

"Shimo halikuulizi umri, don. Nenda nacho, ni chako."

Leo yule dada ameshajaribu vigemu sita akitafuta kingine cha kwake, na vyote vimemwangusha shimo la tatu.