Mrushaji Ambaye Verlyn Hakutaka Kumwacha

Marlys Hoefer alikuwa jikoni mwa parokia Jumatano asubuhi, akimenya viazi vya pikniki, simu ilipolia. Muuguzi alimwambia kwa upole kwamba kaka yake Verlyn amepumzika, saa nne kasoro robo, bila maumivu. Marlys aliweka kisu chini, akafanya ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu kwa hilo la maumivu. Kisha akakumbuka alichokifanya jana yake.

Verlyn alitengeneza mabasi ya shule mjini Dubuque kwa miaka thelathini na minne. Hakuoa. Yeye na wenzake tisa wa karakana walikuwa na ligi yao ya fantasi: kila mmoja anachagua wachezaji wa kweli wa besiboli, na wanachofanya uwanjani kinampa pointi. Mwaka huu alimchagua Edgardo Tirado, mrushaji anayeingizwa mwishoni kulinda ushindi. Kufikia Juni, Tirado alikuwa ameharibu mechi sita, na kocha akamnyang'anya ngwe ya tisa, ile ya mwisho.

"Mtupe huyo," alisema Gordy Pfab, mwenyekiti wa ligi, alipokuja kumwona mgonjwa. "Hata bibi yangu analinda ushindi kuliko yeye."

"Kama hafai kitu, mbona umeniomba tubadilishane mara mbili?" Verlyn akamuuliza.

Gordy akageuka kutazama dirishani.

Marlys alimuuguza wiki tisa, na katika wiki hizo Verlyn alimfundisha kusoma takwimu. "Usiangalie walivyomfunga, dada. Hapo bahati inaingia sana. Angalia wangapi wanapiga hewa, na wangapi anawaachia kituo cha bure kwa kurusha vibaya." Kweli, wapigaji walikuwa wakipiga hewa kama mwaka jana, na mpira wake haukupungua kasi. Ila kila ulipoguswa, ulidondoka pasipo na mtu. "Agosti utamwona," Verlyn alisema.

Jumanne, mikono ikiwa imemwishia nguvu, alimwomba Marlys amweke Tirado benchi siku mbili tatu, kwenye simu. Halikuwa jambo kubwa, na ndilo pekee aliloomba siku hiyo. Marlys akabonyeza pasipopaswa, akamwacha kabisa, akawa si wa timu tena. Kwa kanuni zao, mchezaji aliyeachwa hukaa wazi siku tatu. Anayemtaka anaomba, na aliye mkiani mwa ligi hupewa kwanza. Wa mkiani alikuwa Gordy. Verlyn alikuwa wa kwanza, kwa hiyo ombi la Marlys la kumrudisha lilikaa nyuma ya yote. Aliporudi kitandani kumwambia, Verlyn alikuwa amelala, na hakuamka tena.

Alhamisi Gordy alileta bakuli la viazi vya jibini. Marlys hakumngoja akae.

"Nilimtupa Tirado kwa makosa. Verlyn hakujua."

"Tuliona. Tukasema dawa zimempanda kichwani." Gordy aliona haya kwa alichosema, lakini Marlys alicheka, kwa mara ya kwanza tangu simu ile.

"Utamchukua?"

"Kapi lile? Nimpeleke wapi?"

"Ulimtaka mwezi mzima, Gordy."

"Nilikuwa namchokoza kaka yako. Kula, kitapoa hiki."

Jumamosi, kabla ya Misa ya mazishi, Marlys aliifungua simu. Tirado alikuwa amerudi kwenye timu ya Verlyn. Kati ya wale tisa hakuna hata mmoja aliyemwomba, na takwimu zile walizijua kuliko yeye. Marlys alikaa ukingoni mwa kitanda, akawaombea baraka mmoja mmoja, kwa majina.

Misa ilikuwa saa nne. Gordy na wenzake watano walibeba jeneza. Mmoja wao, mwenye goti bovu, alibadilishana upande na mwenzake kwenye ngazi. Makaburini padri alisoma sala, wakaimba ubeti mmoja, jeneza likateremshwa kando ya wazazi wao. Marlys alitupia udongo kwanza, kisha wanaume wa karakana wakafuata kwa zamu. Baadaye wote wakaenda ukumbini kula.