Nyumba ya Limuru Inayopuliza Joto

Sogea karibu nikueleze kitu ambacho huenda hujawahi kukiona: nyumba inayopuliza hewa ya moto. Si jambo gumu. Kama umewahi kukaa chini ya kiyoyozi, nusu yake unaijua tayari. Hapa Dubai kazi yangu ni kusafisha mifereji ya bati inayopitisha hewa baridi juu ya dari za hoteli na nyumba za watu za mtaa wa Al Rigga. Nyumba niliyonunua iko Limuru, kwetu Kenya, ambako mwezi wa saba ukungu huingia hadi jikoni, na mifereji yake imepita chini ya sakafu.

Niliitaka kwa ajili ya mama. Kifua chake hakivumilii baridi, na moshi wa jiko la makaa tulilomwekea chumbani ulikuwa unamuumiza kuliko baridi yenyewe. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alitupa hadi saa saba mchana wa siku ya ukaguzi tuamue. Baada ya hapo angempokea mnunuzi mwingine. Kwa hiyo dada yangu alimchukua mama wakaenda kuikagua, nami nikawafuata kwa simu ya video, nimeketi kitandani kwangu huku Dubai, mtaa wa Muhaisnah, siku ya mapumziko.

"Nionyeshe tundu la hewa," nikamwambia dada.

"Nimelikanyaga."

"Haiwezekani. Angalia juu."

"Wewe fundi wa Dubai, nakwambia sketi yangu imejaa upepo."

Ilinibidi nifikiri kidogo. Hewa baridi ni nzito, hushuka, ndiyo maana sisi huipuliza kutoka darini. Hewa ya moto hupanda. Ukiipuliza kutoka juu itabaki huko huko ikiwapasha moto mijusi. Basi aliyejenga nyumba ile alikuwa na akili.

Nikamwomba dada anipeleke kwenye mtambo. Ulikuwa katika kibanda nyuma ya nyumba: tanuri la chuma la kuni, na feni inayosukuma hewa safi kuzunguka chuma hicho kwa nje. Moshi una bomba lake la kutokea juu, haukutani na hewa ya ndani. Hapo nilifurahi kama mtoto. Mama angepata joto bila kuvuta moshi.

Mwalimu, ambaye hadi hapo alikuwa amewasha feni tu, akatia moto. Mama alikuwa amechagua chumba cha mwisho, kinachopata jua la asubuhi. Nikatoa amri ambayo fundi yeyote wa huku angeitoa. Kila nyumba ninayoingia, madam huniambia kabla sijavua viatu: funga mlango, baridi yangu inatoka. Nikasema, "Fungeni mlango na dirisha. Tungoje nusu saa."

Nusu saa ikapita. Sebule, dada alisema, ilikuwa na joto zuri. Chumba cha mama kilikuwa baridi. Aliweka mkono kwenye tundu akasema upepo ni kama pumzi ya kifaranga.

Mama akachukua simu. "Mwanangu, nimekaa na koti na vidole bado vinauma. Tuiache."

Ilikuwa saa sita na nusu kwa saa za kwao. Nilikuwa karibu kusema khalas, basi yaishe, tumwachie yule mwingine, wakati msimamizi wangu, Mganda tunayelala naye chumba kimoja, alipoinua kichwa kutoka kwenye shati alilokuwa anapiga pasi.

"Umeifungia wewe mwenyewe," akasema.

"Nini?"

"Hewa. Unapuliza ndani ya chupa, ndugu yangu. Ikijaa, nyingine itaingilia wapi? Tundu la kurudishia liko wapi?"

Kila chumba cha hoteli tunachosafisha kina matundu mawili, moja la kuleta hewa na moja la kuirudisha. Nimeyafuta vumbi miaka mingi bila kujiuliza lile la pili lina kazi gani hasa. Nikamuuliza dada. Alizunguka nyumba nzima akapata moja tu la kurudisha, kubwa, kwenye ukumbi. Nao mlango wa mama ulikuwa umepigiliwa mpira chini, haupitishi hata sisimizi.

"Fungua mlango," nikasema.

"Tufungue mlango ili tupate joto? Jua la huko limekupata kichwani."

"Fungua tu, dada yangu."

Akafungua. Tukangoja. Simu ilikuwa imeegemezwa dirishani, nikimwona mama amekaa kando ya kitanda, mikono ndani ya mikono ya koti. Kisha akafungua kifungo kimoja. Baadaye cha pili. Ilipokaribia saa saba, koti lilikuwa mapajani.

"Bado upo?" akauliza.

"Nipo, mama."

"Basi, tunaichukua."

Mwalimu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka kwa haya. Mpira ule aliupigilia mwenyewe kuzuia baridi, akaulaumu mtambo miaka yote. Wiki ile ile seremala aliung'oa na kupunguza mlango vidole viwili kwa chini ili hewa ipate pa kurudia ukumbini, na sasa mama hulala mlango ukiwa umefungwa, chumba kikiwa na joto.

Ukienda kukagua nyumba ya namna hii, omba mtambo uwashwe ukiwepo. Nenda chumba cha mbali kuliko vyote, keti nusu saa mlango ukiwa umefungwa, kisha nusu saa ukiwa wazi, ulinganishe, ndipo utie sahihi.